Mbili Iliyozidi

Zuhura alinipigia simu Jumanne asubuhi kuniambia kwamba mama yake amefariki, na mimi nikaogopa kabla sijahuzunika. Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu, hapa Kibaha, sufuria ya maziwa ikiwa motoni. Nilimpa pole, nikauliza mazishi ni saa ngapi, naye akasema baada ya adhuhuri, Mzenga, palepale nyumbani. Sauti yake ilikuwa tulivu. Yangu ndiyo iliyotetemeka, na nadhani aliisikia, maana aliongeza, "Njoo tu, Eli. Hakuna anayekukasirikia." Kwa miaka kumi na saba tulikuwa tumepeana salamu za Idi na za Krismasi bila kukosa, lakini hakuwahi hata siku moja kuniambia neno kama hilo. Nilipogeuka, maziwa yalikuwa yameshafurika na kuzima moto.

Miaka hiyo kumi na saba nyuma, mimi na Zuhura tulikuwa tumepanga chumba kimoja Visiga, nyumba ya pili nyuma ya maduka yanayotazama barabara ya Morogoro. Mwenye nyumba alikuwa Mama Aikande, mjane kutoka Machame aliyehamia Pwani na ng'ombe wawili wa maziwa, mwenye imani kwamba mpangaji ni mtoto uliyepewa bila kuomba. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, meza moja na kompyuta mbili za mkononi, moja haina betri na hufa kila umeme unapokatika. Dari ilikuwa haijamalizika. Mbao zilikuwa zimeshapigiliwa lakini hazijafunikwa, hivyo juu ya kuta palikuwa wazi kutoka kwetu hadi sebuleni kwa Mama Aikande. Tulimsikia akisali, tulimsikia akibishana na redio yake, tulisikia hata kijiko chake kikikoroga chai. Haikutujia akilini kwamba naye anatusikia. Asubuhi alitugongea mlango na kikombe cha maziwa, Jumapili alituletea mtori wa ndizi, na katikati ya wiki tulikula vitu kutoka Mzenga, kwa sababu mama yake Zuhura, Bi Mwanaidi, hakuruhusu mtu yeyote wa kwao apite njia ya kwetu mikono mitupu. Mihogo, kisamvu kilichotwangwa tayari, maboga, korosho za kubanika zilizofungwa kwenye kitambaa. Nilinenepa mwaka ule. Ni jambo la ajabu kulikumbuka, maana ilipofika Aprili sikuweza tena kumeza kitu.

Tulikuwa tukisoma shahada ya pili ya fizikia, na msimamizi wetu alikuwa mtu ambaye sisi na wengine wote tulimwita Dakta tu. Alifundisha Dar es Salaam lakini aliishi Kibaha, na Jumamosi alitupokea nyumbani kwake, kwenye meza ya chakula, mke wake akipita na birika la chai. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na sharti moja: Jumamosi hatuzungumzi Kiingereza. Alisema jambo ambalo huwezi kulieleza kwa lugha uliyoamshwa nayo na mama yako, hujalielewa, umelikariri. Ndiyo maana mambo yetu tuliyapa majina ya Kiswahili, na ndiyo maana yote yaliyofuata yakatokea.

Nitayaeleza kama tulivyoyaeleza mezani pale. Nyutrino ni chembe nyepesi mno isiyo na chaji. Inapita kwenye miili yetu, kwenye kuta na kwenye dunia nzima bila kugusa kitu. Wapo wanafizikia wanaodhani kwamba ina ndugu walio wazito, ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaona. Huenda wapo, huenda hawapo. Kama wapo, basi huzaliwa kwa nadra sana pale chembe nyingine, tuseme kaoni, inapovunjika: badala ya kutoa nyutrino nyepesi ya kila siku, inatoa nzito. Hiyo nzito husafiri mita kumi, mita mia, bila kuacha alama, kisha huharibika yenyewe njiani, na mahali ambapo hapakuwa na kitu zinachomoza nyayo mbili za chembe tunazozijua. Anayeitafuta anahesabu zimezaliwa ngapi, ngapi zimeharibika kabla ya kufika kwenye kifaa chake, ngapi zimepita salama, na ngapi zimeharibikia humo ndani ambamo zingeonekana. Akiangalia na asione nyayo hata moja, hajatoka patupu. Anaweza kuchora mstari kwenye grafu na kusema, juu ya mstari huu nzito hazipo. Chini yake, sijui.

Zuhura alishika kuzaliwa, mimi nikashika kuharibika. Ndivyo tulivyosema, bila kucheka, siku nzima, mwezi hadi mwezi. Tulichukua takwimu za zamani za jaribio moja la ng'ambo ambalo wenyewe walishalifunga, tukazihesabu upya kwa hesabu zetu. Na mwishoni mwa Februari mstari wetu ulipojichora kwenye kompyuta ile isiyo na betri, ulipita chini ya mistari ya watu wote waliotutangulia. Kidogo tu, upana wa kucha, lakini chini. Maana yake, mabinti wawili wa Visiga walikuwa wamefunga kipande cha grafu ambacho hakuna aliyekuwa amekifunga. Dakta alikaa na karatasi zetu wiki mbili, kisha akazituma kwa jarida. Jina la Zuhura likawa la kwanza kwa sababu ndiye aliyeandika sehemu kubwa, na kwa sababu alikuwa amealikwa kwenda Ulaya mwezi wa Juni kuyasimulia matokeo yale. Huko palikuwa na profesa aliyekwisha kuandika kwamba akiyapenda atampa nafasi ya kusomea shahada ya udaktari. Bi Mwanaidi alituma jogoo. Mama Aikande alimwita jirani Mwislamu aje amchinje, na tukamla sote pamoja uani.

Kosa nililiona mwezi wa Aprili, siku ya mvua, saa nane mchana. Nilikuwa nikisoma makala ya zamani tuliyochukulia kasi ya kuharibika, nikitafuta jambo jingine kabisa, na nikaona tanbihi ya mistari miwili chini ya ukurasa. Nzito, kama ni chembe ambayo yenyewe ndiyo kinyume chake, inaweza kuharibika kwa njia mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, kwa hiyo kasi yake huzidishwa kwa mbili. Hilo nilijua, na nilikuwa nimezidisha. Tanbihi ilisema kwamba kwenye jedwali lile waandishi walikuwa wameshazidisha. Mimi nilikuwa nimezidisha mara ya pili. Nilifungua programu yangu, nikafuta ile mbili, nikaiacha ihesabu. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba sikusikia pumzi yangu mwenyewe. Mstari ukapanda. Ukapita mistari ya wengine na kukaa nyuma yao, mahali ambapo haukuwa na jipya lolote la kumwambia mtu.

Nimewahi kuogopa mara nyingine maishani. Nimeogopa hospitalini, nimeogopa gari liliposerereka mlimani. Hofu hizo zina mwanzo na mwisho. Ile ya Aprili iliingia tumboni ikakaa kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Sikumwambia Zuhura siku tatu. Nilimtazama akijaribu koti aliloazimwa na Mama Aikande kwa ajili ya baridi ya ng'ambo, nikamwambia limemkaa vizuri, nikatoka nje nikatapika kando ya banda la ng'ombe. Siku ya nne nilimwambia. Alikaa kitandani, akauliza mara moja tu kama nina hakika. Nilitegemea anipige au alie. Alichofanya kilinitisha zaidi: alianza kunong'ona. Naye alikuwa anaogopa kama mimi, na tangu saa ile tukawa watu wawili wanaonong'ona.

Kwa wiki tano tulificha. Simu ikilia tulitazamana. Dakta akikohoa mezani Jumamosi, niliacha kuandika. Siku moja alisema kwa furaha yake ya kimyakimya kwamba mhakiki wa jarida ameuliza swali dogo kuhusu kasi ya kuharibika, na kwamba mimi nitalijibu wiki ijayo. Nilikunywa chai ya moto kwa mkupuo mmoja ili nisilazimike kusema kitu, nikaungua koo. Tukirudi chumbani tulirudia maneno yaleyale, mchana, jioni, wakati wa kuosha vyombo. Leo naweza kuyasikia kama alivyoyasikia mtu wa upande wa pili wa ukuta. Zuhura akiuliza nani mwingine anajua. Mimi nikisema hakuna. Zuhura akisema tuitoe kimyakimya, kabla Dakta hajagundua, akimaanisha ile mbili. Mimi nikisema haiwezi kutolewa tena, imeshafika mbali. Na humo katikati, kama vitunguu kwenye mchuzi, nzito, kuzaliwa, kuharibika, imeharibika mara mbili. Tulikuwa tumeizoea mno lugha yetu ya mezani kiasi kwamba hatukusikia tunachosema.

Mama Aikande alisikia, na hakutusema kwa majirani. Nimemshukuru kwa hilo hadi leo. Alisikiliza siku kadhaa, akasali, kisha akampigia Bi Mwanaidi, mama kwa mama.

Bi Mwanaidi alifika Jumapili asubuhi. Mama Aikande alikuwa ameenda kanisani. Mimi nilibaki na Zuhura kwa kisingizio cha kuumwa kichwa. Bi Mwanaidi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa ya jembe, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona amekuja bila mzigo wowote. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, akaniambia nifunge mlango. Alikaa kwenye kitanda cha Zuhura. Hakumtazama usoni. Alimtazama kiunoni.

"Zuhura, sikuja kukupiga," alisema. "Nimekuja kuuliza. Umeshaitoa au bado ipo?"

Zuhura alinigeukia mimi. Alidhani mama yake amejua habari ya ile mbili, na mimi nilidhani hivyohivyo. Zuhura akajibu, kwa unyonge, kwamba bado ipo. Bi Mwanaidi akafumba macho. Akauliza kama ni ya yule mwalimu. Zuhura akasema hapana, mwalimu hajui, kosa ni la Eli. Hapo mama akaniangalia mimi, akaangalia tumbo langu pia, na nikaona kwamba hatuelewani. Nikamwuliza anazungumzia nini.

"Mimba," akasema. "Mnafikiri sijui watu wakinong'ona wananong'ona nini? Mdogo wangu Sikudhani alinong'ona hivyohivyo na mwenzake, ukuta mmoja na sisi. Tukasikia, tukanyamaza, tulimwogopa baba. Siku ya tatu tulimkuta kwenye mkeka, damu imefika mlangoni." Alisema hayo bila kupandisha sauti. Mikono yake mikubwa ilikuwa juu ya magoti, mmoja umeukamata mwingine kama anayemzuia mtoto asikimbie.

Sijawahi kuona hofu kubwa kuliko ile. Ya kwangu, niliyokuwa nimeibeba wiki tano kama mtu aliyehukumiwa, ilisimama kando yake ikawa kitu cha kitoto. Tulianza kueleza wote wawili kwa pamoja. Nilifungua kompyuta, nikamwonyesha grafu, mstari wa zamani na mstari mpya. Zuhura alimpigia magoti akamwambia kwamba nzito si mtu, ni chembe, kuharibika ni kuharibika kwa chembe, kinachofichwa ni namba. Aliapa kwa jina la Mungu. Bi Mwanaidi alitazama kioo cha kompyuta kwa makini, kama anayetazama dawa aliyoandikiwa na hawezi kuisoma.

"Hiyo nzito," akauliza, "mmeiona?"

Nikasema hapana.

"Nani ameiona?"

"Hakuna mtu, mama. Hatujui hata kama ipo."

Nje ng'ombe mmoja alilia, lori likapita barabarani likatikisa madirisha. Kisha akasema, "Haya. Nimesikia. Basi nendeni mkamwambie huyo mwalimu wenu hiyo namba. Msiniue kwa manong'ono." Aliingia jikoni kwa Mama Aikande bila kuomba, akapika uji wa ulezi, akatusimamia hadi tukamaliza. Alipoaga alimwekea Zuhura kiganja tumboni, juu ya dera, akakiacha hapo kidogo. Nilidhani ni nafuu ya mama aliyekuta mwanawe mzima.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa Dakta. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi nikashindwa kuyasoma. Nilimwekea makala ya zamani mbele yake, nikaweka kidole kwenye tanbihi. Alisoma. Akachukua kalamu, akahesabu pembeni, akarudia. Mke wake alileta chai, akatuona, akairudisha jikoni. Dakta aliuliza swali moja tu: tulijua tangu lini. Zuhura akasema wiki tano. Nikasema kosa ni langu, Zuhura hakugusa sehemu ya kuharibika. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa.

"Namba nitaifuta leo," alisema. "Hizo wiki tano sijui nizifute na nini."

Aliandika barua ya kuondoa makala tukiwa tumekaa palepale. Hakutufukuza. Tulimaliza shahada zetu, mimi na Zuhura, mwezi wa Novemba, kwa mstari ambao hauna jipya, na Dakta akatia saini zote mbili. Lakini Juni ilipita na Zuhura hakwenda popote. Profesa wa Ulaya alijibu kwa adabu kwamba nafasi imepata mtu mwingine. Koti lilirudi kabatini kwa Mama Aikande. Zuhura alirudi kwao, wilayani Kisarawe, akaanza kufundisha fizikia sekondari, akaolewa, akapata binti mmoja. Mimi, niliyekosea, ndiye niliyepata kazi chuoni miaka michache baadaye, na kila mara mtu aliponiita mtaalamu niliogopa kwamba Zuhura yuko nyuma ya mlango. Hakuwahi kunilaumu. Ningependa angenilaumu. Watu bado wanazitafuta nzito, kwa vifaa ambavyo sisi hatukuviota, na mstari unashuka kila baada ya muda, na chini yake bado hatujui. Ninawafundisha vijana kuuchora. Kila mwaka nawapa tanbihi ile waisome kwanza, na siwaambii kwa nini.

Mzenga nilifika wanaume wakiwa wanatoka na jeneza. Nilikaa na wanawake ndani, kwenye mikeka, kanga kichwani, nikasikiliza Yasini nisiyoijua na kulia kunakojulikana na wote. Niliamua kubaki hadi siku ya tatu, tanga lilipoanuliwa. Watu walipopungua, mimi na Zuhura tulikaa nyuma ya nyumba kuosha sahani, beseni moja la povu, moja la kusuuzia. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi mbele. Nilimwambia nililokuwa nimelibeba, kwamba nilimharibia maisha kwa mbili moja. Alinisikiliza bila kuinua macho, akasema maisha yake hayakuharibika, ana watoto mia mbili darasani na wachache wanaipenda fizikia kuliko yeye. Hilo alishalimaliza. Lililobaki, alisema, ni lingine, na hakuna mtu mwingine duniani wa kumwambia.

"Mama hakutuamini," alisema. "Siku ile Visiga. Aliona tumetunga, akaona aibu yetu, akaamua kutusitiri."

Nikamwambia haiwezekani, alisikia, alisema amesikia. Zuhura akaendelea kuosha. Alisema wiki mbili kabla ya kufa, mama yake alimwita amsogeze karibu na dirisha, akamwambia anataka aondoke bila kinyongo. Akamwambia kwamba amekwisha kumsamehe tangu zamani, na kwamba yule mtoto amemwombea kila Ijumaa, hakuruka hata moja, hata siku za homa. Mjukuu wake wa kwanza. Mwaka huu, alisema, angekuwa kidato cha nne.

Maji kwenye beseni yalikuwa yamepoa. Nilimwuliza alimjibu nini, kama alimweleza tena, kama aliapa tena kama siku ile.

"Eli, alishampa jina," akasema. "Ningemnyang'anya vipi?"

Alinipa sahani niisuuze. Nilitaka kumwuliza jina gani, nikaogopa.